Bima ya Simu: Tukate au Tusikate?

Miezi michache iliyopita tulifuatana na akina mama watatu wa kikundi kimoja cha wakulima wa mwani, Mkoa wa Kusini Unguja, hadi katika duka moja la simu huko Darajani. Kikundi chao kina wanachama 12. Fedha walizokuja nazo, shilingi 360,000, zilikuwa zimefungwa katika ncha ya kanga ya katibu wao, fundo juu ya fundo. Walitaka simu moja ya kisasa iwe mali ya kikundi, kwa ajili ya kupokelea malipo, kupiga picha za mzigo kabla haujapakiwa na kuwasiliana na wanunuzi. Simu ikachaguliwa, bei ikakubaliwa, stakabadhi ikaanza kuandikwa. Hapo ndipo kijana wa duka alipoinua kichwa na kuuliza, kwa sauti ya mtu aulizaye jambo dogo: "Na bima je, mama, niikatie? Ni asilimia kumi tu ya bei."

Katibu alitugeukia sisi. Tulialikwa katika safari ile, kwa maneno yake, kwa sababu sisi ndio tunaojua makaratasi. Tuseme kweli: jibu hatukuwa nalo. Tumesoma chuoni tukahitimu, tumesoma skuli za Serikali tukapewa vyeti, na semina tulizohudhuria katika utumishi wetu hatuwezi kuzihesabu. Lakini mbele ya swali lile tulisimama kama watoto wa darasa la kwanza. Simu ikanunuliwa. Kuhusu bima tuliambiwa kwamba tunazo siku saba za kufikiri, tukapewa hati ya masharti, kurasa nne za herufi ndogo, zote kwa Kiingereza. Makala haya yametokana na hati hiyo, na na mazungumzo tuliyofanya juu yake katika kibanda cha kukaushia mwani.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kuchukua nafasi katika safu hii. Hatukubaliani nao. Kampuni ya Zantel ilipoanza kazi mwaka 1999, simu ya mkononi ilikuwa pambo la mwenye uwezo, na mtu aliyeipoteza alipoteza pambo. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, chombo hicho kimegeuka kuwa mkoba wa fedha, daftari la madeni, posta na ofisi. Mkulima wa karafuu wa Konde, mvuvi wa Nungwi, mwalimu wa Chake Chake, wote wamekiweka mfukoni. Simu ya kikundi tunachokizungumzia ilinunuliwa kwa akiba ya miezi mingi ya kuinama majini. Mali ya namna hiyo ikipotea, hasara yake haimalizwi kwa kusema ni kudra.

Wala fikra ya bima si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Katika visiwa hivi hakuna mtaa usiokuwa na watu walioungana kwa kufa na kuzikana. Kila mmoja hutoa kidogo kila mwezi, na siku msiba unapoangukia nyumba moja, fedha za wengi humfikia huyo mmoja. Bima yote duniani imejengwa juu ya msingi huo. Walioanza kuifanya biashara kubwa walikuwa wenye meli na matajiri waliokutana katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd mjini London, katika miaka ya 1680, wakigawana hatari za bahari. Kwetu, Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963 na kutaifishwa mwaka 1967, na Shirika la Bima la Zanzibar likaanza kazi mwaka 1969. Kisha katika miaka ya 1990 milango ikafunguliwa kwa makampuni binafsi. Hata hivyo, kwa wananchi wengi bima imebaki kuwa ile karatasi ya gari inayotafutwa askari wa barabarani anapoonekana mbele.

Tofauti kati ya chama cha kuzikana na hati tuliyopewa Darajani ni moja, nayo ni kubwa. Katika chama tunajuana, tunajua kilichomo katika kasha, na tunajua kwa sababu gani kasha hufunguliwa. Katika hati ya bima, sababu za kufungua kasha zimeandikwa na mwenye kasha. Kwa hiyo mtu anayeulizwa kama atakata bima asianze na bei. Aanze na masharti.

Sisi tulianza nayo. Tuliketi juu ya mikeka, akina mama wote 12 na watoto wao, tukawa tunasoma kifungu kimoja kimoja na kukifasiri. Hati ilisema kwamba kampuni italipa simu ikiporwa kwa nguvu, au ikiibiwa kwa kuvunja mlango au dirisha, au ikivunjika kwa ajali. Haitalipa simu iliyosahauliwa mahali pa watu wengi. Haitalipa simu iliyochomolewa mkobani bila mwenyewe kuhisi. Haitalipa simu iliyokufa kwa uchakavu. Na tulipofika ukurasa wa tatu tukakuta kwamba haitalipa madhara yoyote yatokanayo na maji au unyevu.

Kibanda kikanyamaza. Kisha mama mmoja, mkubwa wa umri kuliko wote, akasema: "Kumbe mwizi wanamkubali. Wasiyemkubali ni bahari."

Tulitamani kijana wa duka na waliomtuma wawepo kuyasikia maneno hayo. Mkulima wa mwani kazi yake ni maji. Hushuka pwani maji yakitoka, hufunga mbegu kwenye kamba akiwa majini hadi magotini, na simu huwa kiunoni, ndani ya kanga ileile inayolowa. Mvuvi naye ni hivyo hivyo, na abiria anayeshuka kutoka mashua hadi ufukweni ni hivyo hivyo. Maji ya chumvi yakishaingia ndani ya simu hula viungo vyake vya shaba hata baada ya kukauka, ndiyo maana simu iliyotumbukia huweza kuwaka leo na kufa wiki ijayo. Hati ile, bila shaka, iliandikwa kwa ajili ya mtu wa mjini anayemwogopa mwizi wa kituo cha basi. Zipo hati nyingine zinazokubali maji, na bei yake huwa juu zaidi. Lakini aliyeuziwa hii angejua tofauti hiyo siku ya kudai fidia.

Baadaye tulikuja kwenye hesabu. Ada ilikuwa asilimia 10 ya bei, yaani shilingi 36,000 kwa mwaka. Masharti yakasema kwamba katika kila dai, mwenye simu hujibebea mwenyewe asilimia 20 ya fidia. Yakasema tena kwamba baada ya miezi sita thamani ya simu huhesabiwa kuwa imepungua kwa robo. Basi tuchukulie simu imeporwa katika mwezi wa tisa. Thamani yake si 360,000 tena, ni 270,000. Toa asilimia 20, ambayo ni 54,000. Kikundi kinapokea 216,000, na ili kipate simu mfano wa ile ya kwanza kinatakiwa kuongeza 144,000. Tulipomaliza hesabu hiyo, katibu aliuliza kama kijana wa duka mwenyewe anaijua. Tunadhani haijui. Yeye ameambiwa auze.

Kutokana na hesabu hiyo mtu anaweza kupima kama bima inafaa, bila ya kuwa mtaalamu. Anayelipa 36,000 ili apate 216,000 analipa sehemu moja ya sita. Maana yake ni kwamba bima hiyo inarudisha gharama yake ikiwa katika kila simu sita za namna ile, moja hupotea kila mwaka kwa sababu zinazokubaliwa na hati. Hasara ikitokea katika miezi sita ya mwanzo, fidia ni 288,000, na kipimo kinakuwa moja katika nane. Je, katika kikundi kile simu hupotea kwa kiasi hicho? Tuliwataka wahesabu. Wote 12 wana simu ndogo zao wenyewe. Kwa miaka mitatu iliyopita walizitaja saba zilizoharibika au kupotea: nne ziliingia maji ya bahari, moja ilisahauliwa kwenye daladala, moja iliporwa mjini na vijana wa pikipiki, na moja ilipasuka kioo ilipoangushwa na mtoto. Mbili za mwisho tu ndizo ambazo hati ile ingezilipa. Watu 12 kwa miaka mitatu ni sawa na simu 36 za mwaka mmoja mmoja. Mbili katika 36 ni moja katika 18.

Tunakiri kwamba hesabu hii si ya kitaalamu. Simu kubwa humvutia mwizi kuliko simu ndogo, na watu 12 ni wachache mno kwa kupimia bahati ya dunia. Lakini kati ya moja katika sita na moja katika 18 pana nafasi pana, na kosa dogo la kuhesabu haliwezi kuijaza.

Lipo jambo jingine ambalo wananchi wengi hulichanganya, nalo linahitaji kuelezwa kwa utulivu. Mama mmoja alidhani kwamba bima ingelinda pia fedha zilizomo ndani ya simu. Fedha hazimo ndani ya simu. Kwa mujibu wa kanuni za nchi, fedha za wateja wa huduma hizi huwekwa benki katika akaunti ya amana, na kinachomtambulisha mwenye fedha ni namba yake na siri yake. Simu ikizama chini ya bahari, fedha hazizami nayo. Mtu huenda kwa wakala wa kampuni yake akiwa na kitambulisho, akarudishiwa namba ileile katika laini mpya. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, kumthibitisha mwenye namba kumekuwa kwepesi zaidi. Hatari ya fedha iko kwa mwizi aliyeijua namba ya siri, na huyo hakuna hati ya bima ya simu tuliyoiona inayomshughulikia. Dawa yake haiuzwi: siri isiandikwe nyuma ya simu, isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala asipewe mtoto wa jirani ili "atusaidie kutoa". Tumeyaona yote matatu.

Vivyo hivyo namba za wanunuzi, picha za mizigo na hesabu za kikundi. Hakuna kampuni itakayovirudisha. Daftari la shilingi elfu moja hurudisha. Na katika daftari hilo iandikwe pia namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#. Kwa namba hiyo simu iliyoibiwa huweza kufungiwa isitumike katika mitandao, na polisi huitaka namba hiyo wanapoandika ripoti. Mnamo Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini kote, wengi ndio kwanza walijua kwamba simu zao zina namba kama hiyo. Basi tusingoje kuzimwa tena ndipo tuikumbuke.

Tuliulizwa pia, tena na mzee aliyekuwa amekaa pembeni akisuka kamba, kama bima ni halali. Swali hili kwetu visiwani haliepukiki, na si haki kulipuuza kwa kusema kwamba dunia imekwenda mbele. Mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu na lenye makao yake Jeddah, liliamua kwamba bima ya biashara ya ada maalumu ina gharar kubwa, yaani utata wa kutojulikana nani atapata nini, na hivyo haifai. Na kwamba badala yake inafaa bima ya kushirikiana, ambamo watu huchangia kwa nia ya kusaidiana. Sudan ilikuwa imekwishaanzisha kampuni ya namna hiyo mwaka 1979. Hiyo ndiyo inayoitwa takaful, nayo imekwishafika nchini mwetu. Anayetaka njia hiyo aulize dukani kwa jina lake. Zaidi ya hapo mwenye fatwa ni mwenye elimu yake, sisi si mufti.

Sasa tuwageukie wauzaji. Kinachotusumbua si kuwapo kwa bima, ni wakati na namna inavyouzwa. Swali huulizwa mtu akiwa tayari ametoa fedha, moyo wake ukiwa umeshafurahi kwa simu mpya, na nyuma yake foleni ikinung'unika. Muuzaji wa simu ndiye huyo huyo muuzaji wa bima, naye ana kamisheni. Watu wasidhani kwamba haya ni matatizo ya nchi changa. Huko Uingereza, mwaka 2019, mamlaka ya kusimamia mwenendo wa makampuni ya fedha iliitoza kampuni ya The Carphone Warehouse faini ya zaidi ya paundi milioni 29 kwa jinsi ilivyouza bima yake ya simu iliyoitwa Geek Squad, kati ya mwaka 2008 na 2015. Wauzaji walifundishwa jinsi ya kuuza, hawakufundishwa jinsi ya kupima kama mteja anahitaji. Mteja aliyesema kwamba simu yake tayari imo katika bima ya nyumba yake alikuwa na jibu lake lililoandaliwa, la kumgeuza. Katika kipindi hicho bima hiyo iliingiza zaidi ya paundi milioni 444. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu waliokuwa ndani ya kampuni walitoa taarifa. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi iliyoizaa Lloyd's, ambako hati imeandikwa kwa lugha ya mteja mwenyewe, basi mkulima wa mwani aliyepewa kurasa nne za Kiingereza ana kinga gani?

Kinga ipo kisheria. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ina ofisi yake hapa Zanzibar. Na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa mtu aliyedai fidia akanyimwa. Lakini haki isiyojulikana na mwenyewe haimtoi mtu nyumbani. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hatuoni kwa nini karatasi ya simu ya shilingi 360,000 ibaki nyuma ya mahakama. Tunawaomba wahusika wadai mambo mawili kwa kila anayeuza bima hizi. Ukurasa wa kwanza wa hati uwe wa Kiswahili, na uanze na yale yasiyolipwa. Na ada ya bima isichanganywe na bei ya simu. Katika simu za mkopo, zile zinazolipiwa kidogo kidogo kila siku, tumekutana na watu ambao hawakujua kabisa kwamba ndani ya malipo yao mna bima, na walipoibiwa hawakudai kitu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba wanacho cha kudai. Wamelipa ada ya kitu wasichokijua, na waliopokea ada hiyo wamenyamaza. Huo kwa lugha yetu ni unyonyaji, hata kama sahihi ipo.

Na kwa kuwa maofisa ni miongoni mwa wanaotusoma, hatuna budi kugusa vishikwambi. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika viligawiwa, na vingi vimo mikononi mwa walimu. Mwalimu mmoja ametuambia kwamba chake hukifungia kabatini na hakitumii, kwa hofu ya kulipishwa kikivunjika. Mwenye vyombo vingi namna hiyo hana haja ya kukikatia bima kimoja kimoja, kwa sababu hasara ya vichache haimwangushi; anaweza kuibeba mwenyewe kwa kutenga fungu dogo kila mwaka. Anachopaswa kufanya ni kumwandikia mwalimu, kwa maneno ya wazi, ni hasara gani itabebwa na Serikali na ipi itakuwa uzembe wake. Pasipo karatasi hiyo, chombo kitabaki kabatini hadi betri yake ife.

Tusieleweke kwamba tunawakataza watu bima. Kijana wa bodaboda anayepata abiria wake kwa simu, aliyeinunua kwa mkopo na asiye na akiba hata ya siku tatu, anayefanya kazi mjini usiku ambako kuporwa ni jambo la kweli, huyo simu ikiondoka na deni likabaki, amekwisha. Kwake hata bima ghali kidogo yaweza kuwa na maana, mradi aisome. Mpiga picha wa harusi ni hivyo hivyo, na mtembeza wageni. Lakini mtu ambaye simu ikipotea atanunuliwa nyingine na mwanawe kabla ya mwezi kwisha, huyo anachonunua ni utulivu wa moyo, nao una bei yake.

Siku ya sita kikundi kilikutana tena. Maneno yalikuwa mengi. Wawili walitaka bima ikatwe, na hoja yao haikuwa mbaya, kwamba fedha zikibaki mikononi mwa kikundi zitaazimwa na hazitarudi. Wengi walikata shauri vingine. Zile shilingi 36,000 za mwaka watazitoa wenyewe, 3,000 kila mwezi, yaani 250 kwa kila mama, na kuzitia katika kopo lenye kufuli ambalo ufunguo wake unashikwa na mmoja wa wale wawili waliopinga. Wakanunua kifuko kisichopitisha maji, cha kuvaa shingoni, kwa shilingi 5,000, na wakapitisha kwamba simu haitashuka pwani bila ya kifuko hicho.

Juzi tuliwapitia tena, wakati wa bamvua, maji yakiwa mbali kabisa. Katibu alikuwa katikati ya vigingi vyake, kifuko kikiwa shingoni. Kopo lina shilingi 9,000. Mama mmoja ameshajaribu kuomba kuazima, akanyimwa.